Mwaka Nilioandika Jina la Hamisi

Siku tuliyomzika Mwalimu Rashidi nilikuwa nyuma ya nyumba yake na wanawake wenzangu, tunamenya viazi vya pilau, na kati yetu na wanaume kulikuwa na ukuta wa mabati tu. Mabati hayazuii maneno. Niliwasikia wakizungumza habari za shule, maana karibu wote waliokaa upande ule ama walisoma pale ama wana watoto pale. Mmoja akasema uwanja wa mpira upewe jina la marehemu, kwa kuwa ndiye aliyeuchimba kwa jembe, na ndiye aliyeifanya shule yetu ijulikane kwa mpira kutoka huku mlimani hadi Morogoro mjini. Wengi wakaitikia. Halafu nikasikia sauti ya Hamisi Lukwele, ambaye siku hizi anafanya biashara ya mboga, ana Fuso lake, na ni mjumbe wa kamati ya shule. Alisema polepole, bila hasira: "Mimi Mwalimu nilimpenda, nyote mnajua. Lakini mtu aliyelichukua jina langu akampa mwingine, leo uwanja uitwe kwa jina lake? Hapo mnisamehe." Mwingine akasema ni kweli, ile habari ya mamluki ilikuwa aibu, Mwalimu alighushi fomu. Kisu kikanitoka mkononi. Jirani yangu akadhani nimejikata, akanishika kidole akatafuta damu.

Sikujikata. Fomu ile niliiandika mimi.

Kamati ilipanga kukaa wiki tatu baadaye ili iamue jambo la uwanja. Wiki hizo nilizitumia kusoma daftari langu la mwaka ule, karibu miaka ishirini sasa. Niseme mapema kwamba mimi nimeishia darasa la saba, anayesoma asitegemee makubwa. Mwandiko wangu ni mzuri, hilo watu wamenisifia tangu zamani, lakini mwandiko mzuri na kuwa na la kusema ni mambo mawili. Daftari lilikuwa la stoo ya jiko la shule, nilikokuwa mpishi: leo maharage, kesho makande, kuni zimekuja mbichi. Taratibu nikaanza kuandika na maneno ya watu, kwa sababu mpishi anasikia mengi na hana wa kumwambia. Pale daftari linaposema nitalifuata. Pale lisiposema nitasema sikumbuki, na msinilazimishe.

Shule ilikuwa ya kata, ina vidato viwili tu, imejengwa kwa mawe tuliyoyabeba sisi wenyewe kichwani kutoka mtoni. Walimu walikuwa watatu ukimtoa mkuu wa shule. Madirisha hayakuwa na vioo, na asubuhi ukungu ulikuwa unaingia darasani kama mwanafunzi aliyechelewa, unapita nyuma unakaa. Jikoni kwangu ndiko kulikokuwa na joto. Lilikuwa banda la mabanzi lenye mafiga matatu makubwa, sufuria mbili ambazo hata leo nikifumba macho naweza kukuonyesha zilikobonyea, na dirisha moja la kugawia chakula. Kwenye dirisha hilo ndipo nilipowajua watoto. Yupo anayesukuma. Yupo anayeomba ukoko. Yupo anayechukua sahani mbili, moja ya mwenzake aliyeko mwisho wa foleni. Hamisi Lukwele alikuwa yule ambaye hata upawa ukimfikia umepungua, anasema "Ahsante mama" na kuondoka. Alikuwa kidato cha pili, mwembamba, mwenye sweta la kijani lililonyofoka kiwiko.

Mwalimu Rashidi alifundisha jiografia. Alikuwa mfupi, mwenye sauti ambayo hukuitegemea kwenye mwili ule. Uwanja alioupata ni kipande cha mteremko chini ya madarasa, akakichimba na watoto wiki baada ya wiki mpaka kikawa na mteremko uliopungua, si zaidi ya hapo. Tulikuwa na goli la juu na goli la chini. Ukibutua mpira kuelekea chini ukapita lile goli, uliteremka kwenye kabichi za watu, ukapita njegere, ukaenda kusimama bondeni, na kuufuata na kurudi ni karibu nusu saa. Mwalimu akaweka sheria moja: aliyebutua ndiye anayefuata, na wenzake wanakaa chini wanamsubiri. Basi watoto wale walijifunza kuuweka mpira chini na kupeana karibukaribu kwa sababu hakuna aliyetaka kwenda bondeni. Baadaye watu wa mjini waliposifia pasi zetu fupi, waliuliza kocha kasomea wapi. Mwalimu aliwajibu, "Muulizeni mlima." Lakini mlima ulikuwa na hasara yake. Mtoto aliyezoea kupiga pasi kwenye mteremko huulenga mpira upande wa juu ili uteremke kwa mwenzake. Ukimpeleka tambarare, pasi zake zote zinakwenda kombo. Ndiyo maana Jumapili alikuwa anawapeleka sokoni, kwenye uwanja wa malori, mahali pekee pa tambarare kwetu, wafanye mazoezi katikati ya majani ya kabichi yaliyokanyagwa huku matingo, wale vijana wa kupakia malori, wanawazomea: "Haya, timu ya mlimani! Simameni wima, dunia ya huku haijainama!"

Mimi na mpira tulikutana dirishani. Mwalimu alikuwa na tabia ya kuja jikoni baada ya chakula kuuliza, "Mama Zuhura, leo nani hakula vizuri?" Zuhura ni binti yangu, wakati huo alikuwa anatambaa kwenye magunia. Nilikuwa namwambia yule golikipa wako amekuja bila chai, mama yake anaumwa. Au namwambia wale mabeki wawili wamegombana, leo wamekaa mbalimbali. Alikuwa anasikiliza kama vile nimesomea. Na mashindano ya shule za sekondari yalipotangazwa, yakataka kila timu iwe na kocha na meneja, akanichagua mimi. Walimu wawili waliobaki, mmoja alikuwa mjamzito na mwingine hapendi jua. Nilimwambia, "Mwalimu, mimi sijui hata ofsaidi." Akasema, "Ofsaidi nitaijua mimi. Wewe wajue watoto." Sijui kama nilistahili. Lakini hakuna mtu kabla yake aliyewahi kuniambia kuna kitu ninakijua, na kwa hilo tu ningemwandikia fomu mia.

Nikaandika hiyo moja. Daftari linasema ilikuwa Jumatano, tulipika makande. Watoto walikuwa wamekwisha kula, mimi nimeondoa vyombo nimetandaza fomu juu ya meza, nabandika picha ndogo kwa gundi ya ugali. Mwalimu akaingia, akakaa juu ya gunia.

"Zimebaki ngapi?"

"Moja. Ya Hamisi Lukwele."

"Picha yake usiibandike," akasema, na akatoa nyingine mfukoni. Nikaiangalia. Alikuwa Shomari.

"Huyu si mwanafunzi, Mwalimu."

"Najua."

"Huyu anabeba kabichi sokoni."

"Najua anachobeba." Akavua kofia. "Mama Zuhura, watoto wangu wana miaka kumi na nne. Kule chini tutakutana na watu wenye ndevu. Tukipigwa kumi, wazazi watasema ndiyo shule yenyewe hiyo, watawatoa waliobaki. Kidato cha pili wamebaki wangapi?"

Nilijua, maana ndio niliokuwa nawapakulia. Kila wiki sahani zilikuwa zinapungua. Huyu anaitwa shambani, yule kapelekwa Dar kwa shangazi. Na Shomari kila mtu mlimani alimjua. Alimaliza darasa la saba hakuchaguliwa, lakini akiwa na mpira miguuni hata wanaume wazima waliacha kupakia malori wakamtazama. Mamluki ndiyo hiyo: unamchukua mtu wa nje, unamvalisha jezi na jina la mwanafunzi. Shule nyingi zilifanya, lakini sisemi hivyo kujitetea. Mwalimu hakunishika mkono wala hakunitisha. Aliomba, nikaandika. Mkuu wa shule aligonga muhuri rundo zima bila kulifungua. Kama alijua, mimi sijui.

Na kuna jambo baya zaidi, ambalo Mwalimu hakulifikiria ila mimi. Niliona kwamba Hamisi wa kweli akionekana uwanjani siku ya mechi tutaumbuka. Nikamwita dirishani mwenyewe, bila kutumwa. "Hamisi, Jumamosi usije." Akasema, "Kwani nimekosa nini mama?" Nikamwambia hujakosa, wachezaji wamejaa. "Haya mama." Siku hiyo ilikuwa ya nyama, nikampa vipande viwili. Nimejiuliza mara nyingi kwa nini jina lake ndilo lililobaki mwisho kwenye meza yangu. Nadhani ni kwa sababu wengine walikuja kuuliza kama nimewaandika. Yeye hakuja.

Kabla ya mechi wakaguzi huwapanga wachezaji mstari, wanaita majina, wanalinganisha picha, na wakimtilia mtu shaka wanamuuliza maswali ya shuleni. Kwa hiyo tulimfundisha Shomari jikoni, jioni mbili, wale watoto wamejaa mlangoni wanacheka.

"Jina lako?"

"Hamisi Lukwele."

"Kidato?"

"Cha pili."

"Unapenda somo gani?"

"Baiolojia."

"Baiolojia ni nini?"

Shomari akafikiri. "Ni somo gumu, mwalimu."

Tulicheka mpaka Zuhura akalia. Mwalimu akafuta machozi akasema jibu hilo ni sahihi, liache kama lilivyo. Nalikumbuka jiko lile kwa furaha, na ninaona aibu kwamba nalikumbuka kwa furaha. Hamisi hakuwemo.

Tulishuka Mikese, tukacheza kando ya barabara kuu, mabasi yanapita yanapiga honi. Tukashinda mabao matatu kwa moja, Shomari akafunga mawili. Wiki iliyofuata tukashinda tena. Shule zilikuwa sita na kila moja inacheza na nyingine mara moja. Sisi watoto wa vidato viwili tukawa tunaongoza. Jumatatu yake nilihesabu sahani dirishani mara mbili kwa sababu sikuamini. Watoto saba walikuwa wamerudi shule.

Sasa, huku kwetu Uluguru mjomba si mtu wa kusalimiwa tu sikukuu. Mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na mjomba ndiye mwenye neno: asome asisome, aoe wapi, alime shamba gani. Mjomba wake Hamisi aliitwa Mzee Kondo, aliishi kijiji cha ng'ambo, mwendo wa saa tatu kwa miguu. Habari alizipata kwa madereva wa malori. Wao walisikia uwanjani likitajwa jina la Hamisi Lukwele, wakampelekea jina kama walivyolisikia. Alhamisi moja nikamwona anateremka njia ya mgombani, kanzu imekunjwa mpaka magotini, na shingoni amening'iniza njumu za mtumba zilizofungwa kwa kamba zake.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mama. Mpishi ndiye wewe? Basi ndiwe unayemlisha simba wangu! Mabao mawili! Nimewaambia ukoo mzima. Kuna shemeji yangu alisema mtoto huyu mlegevu, hafai jembe. Nimekwenda kwake mpaka mlangoni nikamwambia, haya, mlegevu huyo!" Hamisi akaitwa. Akasimama mbele ya mjomba wake, sweta lake lile la kijani, akavishwa zile njumu shingoni. Aliniangalia mara moja tu. Wakati ule shule nzima ilikuwa inajua nani anaitwa Hamisi siku za mechi. Nilingoja aseme. Akasema, "Ahsante mjomba."

"Jumamosi nakuja nikuone kwa macho yangu," mzee akasema. "Kabichi zitaningoja."

Nilikimbia kwa Mwalimu. Njia rahisi ilikuwapo, kumwacha Shomari na kumchezesha Hamisi, lakini picha kwenye fomu ilikuwa ya Shomari, na mechi yenyewe ilikuwa dhidi ya shule kubwa ya mjini. Mwishowe Mwalimu akasema, "Mzee yule macho yake si mazuri sana." Na mimi nikaitikia. Watu wazima wawili tuliweka matumaini yetu kwenye macho mabovu ya mzee wa watu.

Jumamosi tulishuka kwa Fuso la kabichi, timu imekaa juu ya mzigo, mimi na Zuhura na Mzee Kondo mbele kwa dereva. Hamisi ilibidi aje, mjomba wake alimfuata nyumbani. Kwa hiyo juu ya kabichi walikuwamo Hamisi wawili. Kila tulipopita kona yenye baridi mzee alitoa kichwa nje akaita, "Hamisi! Umefunga sweta?" Na juu kule nikasikia sauti mbili zinaanza kujibu, moja ikakatika.

Uwanja wa mjini ulikuwa na kamba pembeni na watu wengi. Wachezaji wakapangwa. Mkaguzi alikuwa mtu mwembamba mwenye miwani, wala hakuwa mbaya. Alikuwa anafanya kazi yake. Akaita jina moja, jingine, halafu, "Hamisi Lukwele!"

"Nipo!" Shomari akatoka mbele.

Mzee Kondo alikuwa kwenye kamba. "We kijana, nani kakuita wewe?" akasema, na watu wakacheka. "Hamisi ni huyu hapa! Hamisi, nenda mwanangu, unaitwa!" Akamsukuma mgongoni. Hamisi alikuwa amezivaa zile njumu, labda mjomba alimwambia azivae, hilo sikumbuki. Akapita chini ya kamba, akatembea mpaka mbele ya mkaguzi, akasimama karibu na Shomari. Mkaguzi akaangalia picha, akaangalia mmoja, akaangalia wa pili. "Hamisi nani?" akauliza. Shomari, aliyejua majibu yote ya jikoni kwangu, hakujibu. Akavua jezi, akamkabidhi Hamisi, akabaki kifua wazi mbele ya watu wote wale. Mtu akiniambia Shomari alikuwa tapeli huwa namwambia, wewe hukuwapo.

Kicheko kikaisha. Nikamwona Mzee Kondo anaelewa kidogo kidogo, uso wake unashuka. Mkaguzi akanyanyua fomu juu. "Hii fomu kaandika nani?"

Nilikuwa hatua tatu kutoka kwake, mtoto mgongoni. Nilifungua mdomo, na hilo naliapia. Lakini Mwalimu akasema, "Mimi." Akageuka kwangu, na kwa ile sauti yake kubwa akasema, "Mama Zuhura, wapelekee watoto maji." Nikachukua ndoo. Nikaenda kuwapa watoto maji. Nikiwa nainama na kikombe nilisikia mkaguzi akimuuliza tena, "Mwandiko huu ni wako, mwalimu?" na yeye akijibu, "Ni wangu."

Mechi ile tukapoteza bila kucheza, na pointi za mechi mbili za mwanzo tukanyang'anywa. Mwalimu akafungiwa asikae benchi mwaka ule wote, na barua ikaenda kwa wakubwa wake. Jumatatu, mbele ya wanafunzi mstarini, akasimama akasema, "Nimemkosea Hamisi, nimemkosea Shomari, nimewakosea ninyi." Hakunitaja. Nilimfuata darasani, nikamwambia naenda kwa mkuu wa shule sasa hivi kusema. Alikuwa anafuta ubao.

"Ukienda itakuwaje?"

"Watajua ukweli."

"Ukweli ni kwamba niliyetaka ni mimi. Sikiliza, dada. Mimi nimeajiriwa na serikali, watanionya, watanishusha cheo, nitabaki. Wewe umeajiriwa na wazazi. Watakufukuza leo kabla maharage hayajaiva, na wewe una mtoto." Akaendelea kufuta mahali palipokwisha kuwa safi. "Halafu nani atakaa benchi? Imebaki mimi kukuomba jambo jingine, na hili si baya. Wachezeshe mechi mbili zilizobaki."

Ndivyo mpishi asiyejua ofsaidi alivyosimama kando ya uwanja. Mwalimu hakuruhusiwa kuingia, alikaa nje mbali kabisa, na hakunitumia hata ishara, kwa sababu alisema adhabu ni adhabu. Nilichokuwa nacho ni dirisha langu. Nilimweka Hamisi winga, kwa fomu mpya yenye picha yake mwenyewe, si kwa kumlipa, au labda kwa kumlipa, sijui. Lakini nilijua pia kwamba mtoto asiyesukuma foleni anaona nafasi iko wapi. Wale mabeki waliogombana niliwaweka pamoja kwa sababu tangu wiki ile walikuwa wanakula sahani moja. Mechi ya kwanza tukafungwa mbili kwa moja, na lile bao lao la pili nadhani ni kwa sababu nilichelewa kumtoa mtoto aliyechoka, kosa langu hilo. Mapumziko ya mechi ya mwisho walinizunguka wakisubiri maneno. Nikawaambia, "Mnabutua kama watu wa kuja. Mpira huu ukitoka ni nusu saa, mmesahau?" Wakacheka, wakaanza kuuweka chini. Tukashinda bao moja, alifunga beki kwa ugoko. Hamisi hakufunga. Lakini mkaguzi alipoita majina mwanzoni, Mzee Kondo, ambaye sikutegemea kumwona tena, alikuwa pale kwenye kamba, na kijana alipoitikia "Nipo" mzee akaitikia pia.

Kombe mwaka ule hatukuchukua. Tulichukua baadaye, mara kadhaa, Mwalimu aliporudi benchi, na mimi nikabaki meneja mpaka magoti yakakataa. Wale watoto saba waliorudi kwa ajili ya mabao ya Shomari hawakuondoka tena, na hilo nalo lazima liandikwe, ingawa sijui liingie upande gani. Shomari alitafutiwa nafasi na Mwalimu, akaanza kidato cha kwanza mtu mzima kati ya watoto, akavumilia mwaka na nusu akaacha. Leo ndiye dereva wa Fuso la Hamisi. Mimi niliendelea kupika. Zuhura alisoma shule ile ile, akafika mbali kuliko mimi, kwa mshahara ambao mtu alinilindia kwa neno moja. Nilimshukuru Mwalimu kwa kila namna isipokuwa ile moja ya kusema hadharani. Kila mwaka nilisema mwaka ujao.

Basi kamati ikakaa, kwenye darasa la kidato cha kwanza, wajumbe wamejikunja kwenye madawati ya watoto. Nikaomba nafasi. Mwenyekiti akasema, "Mama Zuhura, karibu, lakini kwa ufupi." Nikasimama na daftari langu, na sikulifungua. Nikasema fomu ile niliiandika mimi, kwa mkono huu, na kwamba Mwalimu alisema uongo mara mbili mbele ya mkaguzi ili nisifukuzwe. Watu wakageukiana. Hamisi alikuwa amekaa dirishani, kofia magotini. Akaniangalia.

"Shikamoo mama. Kwa hiyo Mwalimu hakuhusika?"

Hapo ningeweza kusema hakuhusika. Mwalimu alikuwa amesema uongo kwa ajili yangu. "Alihusika," nikasema. "Yeye ndiye aliyeniomba. Picha aliileta yeye. Sitaki nimwongezee wala nimpunguzie. Lakini kuna moja ambalo hakulijua. Siku nilipokuambia usije Jumamosi, sikutumwa. Niliwaza mwenyewe."

"Miaka yote hiyo," Hamisi akasema, "lililoniuma si jina. Jina unaweza kuazima. Lililoniuma ni kuambiwa nisije. Nilikaa shambani nasikia wenzangu wanateremka na lori wanaimba. Nilidhani Mwalimu ndiye aliyeona sifai hata kutazama." Akageuza kofia. "Na ile nyama mama? Vipande viwili? Mimi nilifurahi. Nilidhani umeniona nakua."

Nilitegemea akasirike, na haki angekuwa nayo, nilikuwa nimejiandaa kutoka nje. Lakini yeye akamgeukia katibu, mwalimu kijana aliyekuwa anaandika mambo ya kikao.

"Mwalimu, andika. Uwanja uitwe kwa jina la Mwalimu Rashidi. Na uandike nani amekubali, usiandike wajumbe tu. Andika Hamisi Lukwele."

Wengine wakanyoosha mikono. Katibu akaandika. Nilisogea mpaka mezani kwake, nikainama, nikaangalia kama jina la Hamisi ameliandika sawasawa.